KUITA NA KUITIKIA: TUJIFUNZE KUSIKILIZA BENDI ZA JAZI

Masomo: Kutoka 15:1-21, Nehemia 12:27-43, Zaburi 136



Mwezi huu twajifunza kusikiliza. Huenda msomaji akasema, "Mimi nina masikio, nasikia." Ni kweli, lakini kusikia si kusikiliza. Mvua ikinyesha juu ya bati twaisikia tupende tusipende. Kusikiliza ni kazi. Ni kujiuliza: sauti hii yatoka kwa nani, yamwambia nani, na yule aliyeambiwa amejibu nini?

Ili tuijifunze kazi hiyo tumechagua muziki wa bendi kubwa za jazi, za kwetu Tanzania na za Marekani. Tunajua wako wazee wetu watakaoshangaa. Watasema muziki wa dansi ulipigwa vilabuni, na huko vilabuni wengine walipoteza mishahara na nyumba zao. Hoja yao ni ya haki, wala hatuombi kilabu kiletwe kanisani. Twaomba kuazima mfano tu. Bwana mwenyewe aliazima mfano wa wakili dhalimu (Luka 16), naye hakuusifu udhalimu wake.

1. KAZI HII TUNAIJUA TAYARI

Hapa Kenyamonta hakuna mtu aliye mgeni kabisa wa jambo hili. Watu wakiitana risaga kulima shamba la mwenzao, mmoja huanzisha wimbo na wengine huitikia, na majembe hushuka kwa pamoja pale penye mwitikio. Mwimbishaji akikawia, majembe hukawia. Waitikiaji wakichoka, mwimbishaji mwenye akili hupunguza mwendo au hubadili wimbo. Kwa hiyo anayeongoza naye anasikiliza.

Msikilize pia mpigaji wa litungu. Ni mtu mmoja, na chombo chake kina nyuzi nane. Lakini akiimba mstari mmoja hunyamaza kidogo akaziacha nyuzi ziseme. Yeye huita kwa kinywa, kisha hujiitikia kwa vidole. Msikilizaji asiyejua husema kwamba mzee amepumzika kuimba. Ajuaye husema kwamba sasa litungu linajibu.

Bendi kubwa ni jambo hilohilo lililogawanywa kwa watu wengi.

2. BENDI ZETU NA JINA LA JAZI

Kabla ya dansi ilikuwako beni. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa miji ya pwani walianzisha ngoma zilizoiga bendi za kijeshi, zenye matarumbeta, ngoma kubwa na mavazi ya maofisa. Wakajigawa katika vyama, na vilivyojulikana zaidi ni Marini na Arinoti. Chama kimoja kikitoka na wimbo, kingine kilitafuta wimbo wa kujibu. Beni ikasafiri kutoka pwani mpaka bara.

Baadaye zikaja bendi zilizojiita "Jazz". Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Salum Abdallah alianzisha Cuban Marimba huko Morogoro mwaka 1948. Western Jazz ilianza mwaka 1959. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz Band, ambayo baadaye ilibadili jina pamoja na chama ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwishowe Msondo Ngoma. Tabora ilikuwa na Tabora Jazz, Dar es Salaam na Kilwa Jazz, Tanga na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na mkoa wetu nao ulikuwa na Mara Jazz ya Musoma.

Hapa yafaa tuelewane. Bendi hizi hazikupiga jazi ya Marekani. Zilijifunza sana kutoka kwa santuri za Kikuba zilizoingia Afrika tangu miaka ya 1930, kutoka kwa ndugu zetu wa Kongo, na kutoka kwa ngoma za nyumbani. Neno "jazz" kwao lilikuwa na maana ya muziki wa kisasa wenye vyombo vya kupuliza. Lakini ukilinganisha bendi zetu na zile za Marekani utakuta undugu mmoja wa kweli: katika zote mbili watu wengi hupiga pamoja bila kugombana, kwa sababu kila mmoja anajua wakati wa kuita na wakati wa kuitika.

3. UMBO LA WIMBO

Wimbo una umbo, kama nyumba ilivyo na mlango, sebule na vyumba. Asiyejua umbo husikia kelele moja ndefu. Ajuaye umbo hujua yuko chumba gani na chumba kipi kinafuata.

Chukua wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 au 1980, wa JUWATA au wa Mlimani Park, ile bendi iliyoanza mwaka 1978 ikajulikana kwa jina la Sikinde. Mara nyingi vyombo hutangulia, magita au wapulizaji. Kisha huja mashairi kwa mwendo wa pole. Hapo ndipo kisa husimuliwa: mambo ya ndoa, mirathi, ulevi, rafiki msaliti, msiba. Mwimbaji mmoja hutangulia, na wenzake wawili au watatu humwitikia. Kati ya ubeti na ubeti matarumbeta na saksafoni huingia kufunga lililosemwa na kufungua njia ya litakalosemwa.

Mashairi yakiisha, mwendo hubadilika. Sehemu hii huitwa "chemko", na jina hilo lafaa, maana ni kama sufuria iliyokuwa kimya motoni na sasa imeanza kutokota. Maneno huwa machache. Vyombo ndivyo vinavyozungumza: gita la solo huita, gita la pili hujibu, wapulizaji hurudia kifungu kifupi tena na tena, na mpiga tumba huwachochea wote.

Vijana wengi hungoja chemko tu, na ya mbele huyaruka. Twawashauri wasifanye hivyo. Kifungu kile ambacho wapulizaji hukirudia kwenye chemko kina uzito kwa sababu ya kisa kilichotangulia. Aliyeyaruka mashairi anasikia jibu bila kujua swali lilikuwa nini.

Sasa tutazame nyimbo mbili za Marekani ambazo umbo lake ni rahisi kuhesabu. Hesabu hivi: moja, mbili, tatu, nne. Hicho tukiite kipimo 1.

Wimbo wa kwanza ni "One O'Clock Jump" wa bendi ya Count Basie, uliorekodiwa Julai 1937. Baada ya utangulizi mfupi, kila vipimo 12 wimbo hurudi mwanzo, tuuite mzunguko. Umbo hili la vipimo 12 ni la nyimbo za blues za watu weusi wa Marekani. Katika nyimbo za blues zenye maneno, kwa kawaida mstari wa kwanza husema jambo, wa pili hulirudia, na wa tatu hulijibu. Katika wimbo wa Basie hakuna maneno. Piano yake hutangulia. Kisha wapulizaji hupewa nafasi mmoja mmoja, huyu kwa saksafoni, yule kwa tromboni, yule kwa tarumbeta, na kila mmoja ana mzunguko wake. Mwishoni huondoka yule mmoja na kubaki vikundi: saksafoni wana kifungu chao, matarumbeta chao, tromboni chao, wakijibizana mpaka wimbo unaisha. Mpango huo haukuandikwa kwanza kwenye karatasi. Waliujenga kwa kusikilizana.

Wimbo wa pili ni "Take the 'A' Train", uliotungwa na Billy Strayhorn na kurekodiwa na bendi ya Duke Ellington mwaka 1941. Mzunguko wake una vipimo 32, yaani sehemu nne za vipimo 8. Sehemu ya kwanza na ya pili zina sauti moja. Ya tatu yaenda mahali pengine. Ya nne yarudi kwenye ile ya kwanza, kama mtu aliyetoka Kenyamonta kwenda Mugumu kwa shughuli zake, kisha jioni akarudi nyumbani. Sikiliza mzunguko wa kwanza: saksafoni huimba sauti kuu wote kwa pamoja, na kila zinapopumua, matarumbeta na tromboni hutia neno katika ile nafasi. Hawamkatizi msemaji, wala hawaachi nafasi ipotee.

4. NAMNA NNE ZA KUITIKIA

Tukisha kulijua umbo, twaweza kuuliza: mwitikio huu ni wa namna gani? Sisi tumezitenga namna nne.

(a) Kurudia. Aliyeita amesema jambo, na kundi hulisema vilevile. Hii ndiyo njia ya kumfundisha asiyejua. Mtoto huanza hapa.

(b) Kutimiza. Aliyeita ameacha sentensi nusu, na kundi huimaliza. Zaburi ya 136 imejengwa hivyo. Ina mistari 26, na katika kila mstari nusu ya kwanza hubadilika lakini nusu ya pili ni ileile. Isome peke yako kimya na utaona inachosha. Isomeni watu wawili, mmoja akitangulia na mwingine akiitika, na utaona kwa nini iliandikwa vile.

(c) Kutegemeza. Anayeita hajanyamaza, anaendelea, na chini yake kundi hushika kifungu kifupi na kukirudia ili apate mahali pa kusimama. Ndivyo wapulizaji wa Basie wanavyofanya nyuma ya mwenzao anayepiga peke yake, na ndivyo wapulizaji wetu wanavyofanya kwenye chemko. Waitikiaji hawa hawasifiwi sana, lakini wakiacha, yule wa mbele huyumba.

(d) Kugeuza. Mwitikiaji huleta jambo jipya, na aliyeita akilisikia hubadili njia yake. Sikiliza magita mawili katika chemko. Gita la pili likiweka mkazo mahali ambapo halikuuweka kwanza, mara nyingi gita la solo hulifuata. Hapa yule aliyekuwa mwitikiaji amekuwa mwitaji.

Namna hii ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoonyesha kama bendi ni hai. Muhidin Maalim Gurumo, aliyeimba NUTA Jazz tangu mwaka 1964 na kufariki mwaka 2014, alikuwa mwimbaji wa kuongoza, lakini ukimsikiliza vizuri utasikia kwamba hakuimba juu ya wenzake. Huacha mahali, na wenzake wanaingia.

5. BENDI YA JAZI KATIKA KANISA KUU

Tarehe 16 Septemba 1965 Duke Ellington aliipeleka bendi yake katika Kanisa Kuu la Grace mjini San Francisco, kanisa la ndugu zetu wa Ushirika wa Anglikana huko Marekani, akapiga muziki mtakatifu alioutunga mwenyewe. Mwaka 1968 alitoa wa pili katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana mjini New York, na Oktoba 1973 wa tatu katika Westminster Abbey mjini London. Alifariki Mei 1974.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1966 mjini Washington, mji alimozaliwa, chama kimoja cha wachungaji kilikataa kumuunga mkono, kwa hoja zinazofanana na zile za wazee wetu tuliowataja. Basi hata huko jambo hili lilikuwa na mabishano, na wenye kuuliza hawakuwa wajinga.

Lakini tutazame alichokifanya. Katika ule muziki wa kwanza liko fungu lililojengwa juu ya maneno manne ya mwanzo ya Biblia ya Kiingereza. Maneno hayo yana silabi sita, naye aliyapa sauti sita, moja kwa kila silabi. Fungua Biblia yako ya Kiswahili, Mwanzo 1:1, uhesabu silabi za maneno matatu ya kwanza. Utakuta nazo ni sita. Sauti hizo sita ndizo mwito, na bendi hujibu. Mbele kidogo waimbaji hutaja majina ya vitabu vya Biblia kimoja baada ya kingine, na vyombo huendelea pamoja nao. Mtoto wa shule ya Jumapili aliyekariri majina hayo angeweza kuwafuata.

Ellington hakubadili namna ya bendi yake ya kuita na kuitika ili iingie kanisani. Alikuta kanisa lina jambo hilo tangu zamani. Miriamu na wanawake wenye matari waliitikia wimbo wa Musa kando ya bahari. Nehemia aliweka makundi mawili ya waimbaji juu ya ukuta wa Yerusalemu, moja likaenda huku na moja huku, mpaka yakakutana katika nyumba ya Mungu.

6. KITU KINACHOWEZA KUPOTEA

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi.

Bendi nyingi za leo zimepunguza wapulizaji au hazinao kabisa. Tarumbeta ni ghali, na mtu wa kuipuliza hufundishwa miaka mingi. Badala yao kiko kinanda cha umeme kinachoiga sauti zote, chenye mdundo uliokwisha kutiwa ndani. Hatukilaumu kinanda, kimesaidia makanisa mengi yasiyo na fedha. Lakini yafaa tujue tofauti. Mwimbaji akivuta pumzi ndefu, mpiga ngoma aliye hai humngoja. Mdundo uliotiwa kwenye mashine haumngoji. Mwimbaji akiangua kilio, saksafoni hushuka chini pamoja naye, mashine haishuki. Mashine hupiga bila kosa, lakini haiitikii, kwa sababu haisikii.

Na hatari kubwa zaidi ni kwamba watu nao waweza kuwa kama mashine. Katika mitaa mingi kwaya huimba nyimbo zake, na mkutano huketi kama watu waliokuja kutazama. Kasisi husalimu, na wachache wa mbele hujibu huku wakitafuta ukurasa. Litania husomwa, na mwitikio hutoka kinywani kabla ombi halijaisha, ishara ya kwamba ombi halikusikilizwa.

Tukumbuke mwitikio ni mali ya nani. Wako katika makanisa yetu akina bibi ambao hawakupata nafasi ya kusoma. Hawana kitabu cha nyimbo wala hawakihitaji. Wamelishika neno miaka yote kwa njia ya kuitikia, kwa sababu mwitikio ni mfupi, ni uleule, na masikio yanatosha. Kwaya ikiuchukua mwitikio na kuujaza sauti nne ngumu ambazo hakuna awezaye kuzifuata, imemnyang'anya bibi huyo sehemu yake ya ibada, hata kama imeimba vizuri sana.

Wala hatusemi kwaya ziache nyimbo zao. Twasema kila kwaya, kila Jumapili, iwe na walau wimbo mmoja wenye mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya watu wote, na wanakwaya wenyewe wanyamaze hapo wasikilize watu. Bendi kubwa zilizodumu zilijua jambo hili: mwenye sauti nzuri kuliko wote ndiye anayepaswa kwanza kujua wakati wa kunyamaza.

7. ZOEZI LA NYUMBANI

Tafuta wimbo mmoja wa bendi yenye wapulizaji. Wengine wana kaseti, vijana wanazo nyimbo hizi katika simu, na redio nazo bado huzipiga. Usikilize wimbo huo huo mara tatu.

Mara ya kwanza sikiliza umbo tu. Andika: utangulizi, mashairi, chemko. Mwendo umebadilika wapi?

Mara ya pili mfuate mwitaji. Ni nani? Je, ni yeye yule tangu mwanzo mpaka mwisho?

Mara ya tatu mwache mwitaji, uwafuate waitikiaji peke yao. Wanarudia, wanatimiza, wanategemeza au wanageuza? Mara hii ya tatu itakuwa ngumu, maana sikio limezoea kumfuata yule wa mbele. Lakini ndiyo itakayokuonyesha wimbo ambao hukuwahi kuusikia, ingawa umeusikia miaka mingi.

Jumapili inayofuata, fanya vilevile wakati wa Litania.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika nyimbo za kazi na za sherehe za hapa kwetu, nani huchaguliwa kuimbisha, na kwa sababu gani?

2. Someni Kutoka 15:20-21. Je, Miriamu anarudia, anatimiza, anategemeza au anageuza?

3. Katika ibada yetu, ni mahali gani mkutano huitikia kwa moyo, na ni mahali gani huitikia kwa mazoea tu? Mahali hapo pafanywe nini?

4. Katika nyumba zetu, kati ya mume na mke, wazazi na watoto, nani huita daima na nani huitika daima? Je, mwitaji huwahi kubadili njia kwa sababu ya alichosikia?

Swali la nne msilipite haraka. Lianzeni mapema, mlipe muda wa kutosha, na mzee wa kikundi awe wa mwisho kusema.